Mipira Ibebayo Bodi ya Gari

Wenye magari makuukuu wana neno moja walipendalo mno: "Limezeeka." Mlango ukikataa kufunga mpaka upigwe bega, limezeeka. Bodi ikigonga ngo! ngo! kila gari livukapo tuta, limezeeka. Fimbo ya gia ikisugua sakafu, limezeeka. Neno hilo limekuwa kama cheti cha kifo, nalo aghalabu hutolewa kabla mgonjwa hajapimwa. Msomaji, kabla hujaliuza gari lako kwa bei ya chuma chakavu, mwombe fundi aingie chini yake na taa, akatazame mahali bodi inapokutana na chasisi.

Maana magari ya kazi, mathalani Land Cruiser na Hilux, hayakuundwa kitu kimoja. Chini kuna chasisi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa mataruma, na hapo ndipo zilipofungwa injini, giaboksi na ekseli. Juu yake huwekwa bodi wanamokaa watu. Baina ya viwili hivyo kuna mipira. Kila boliti ya bodi hupita katikati ya mipira miwili: wa juu hubeba uzito, wa chini huizuia bodi isiruke gari likidunda. Ndani ya mipira hiyo mna bomba fupi la chuma, na kila upande mna washa pana. Bodi ndefu aghalabu huwa na vituo kati ya 8 na 12 vya namna hii, na kabini ya pikapu huwa na vichache zaidi.

Sisi watu wa pwani jambo hili lisitushangaze. Mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, haukupigwa misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi. Ukipanda mchangani au ukipigwa na wimbi, mbao zilikuwa na nafasi ya kujinyonga kidogo bila kupasuka. Chasisi nayo hujinyonga hivyo hivyo ipitapo katika mashimo, gurudumu moja juu na jingine chini. Mpira ndio unaoruhusu chasisi ijinyonge bila kuivunja bodi.

Lakini mpira una ajali yake. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa na salfa hauyeyuki kwa joto wala haukauki kwa baridi kama zamani, na tangu hapo dunia imeutumia kila mahali. Hata hivyo, mpira uliopikwa nao huzeeka. Joto huukausha, hewa huupasua nyufa nyembamba, mafuta ya injini yanayovuja huulainisha ukavimba kama mkate uliolowa. Na huku kwetu chumvi huongeza yake: washa hushika kutu, kutu huvimba, nayo huula mpira kwa pembeni na chuma cha bodi kwa juu.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niishike kalamu. Land Cruiser ya nyumbani kwetu, ya mwaka 1988, ilipofunguliwa, hatukukuta mipira ya kiwandani. Tulikuta vipande vya tairi kuukuu vilivyokatwa kwa kisu, vikatobolewa katikati na kufungwa. Aliyevitia simjui, na kwa insafu simtukani. Huenda mwenye gari wa siku zile hakuwa na cha kununulia. Lakini hatari yake lazima ielezwe. Mpira halisi una bega linaloingia ndani ya tundu la chasisi, likaushika usihame. Kipande cha tairi hakina. Mpira halisi una lile bomba la chuma, ambalo humwambia fundi "basi, umefika". Kipande cha tairi hakimwambii kitu, basi hukaza na kukaza mpaka bati la bodi likapinda. Tena usukani umeshikwa pande mbili: sanduku lake liko kwenye chasisi, na fimbo yake imeshikiliwa na bodi. Bodi ikicheza, fimbo huvutwa. Mikanda ya kiti pia imefungwa kwenye bodi. Mtu anayedhani anatengeneza kelele tu, ameshika roho za watu.

Kazi yenyewe niliitazama mwanzo hadi mwisho katika karakana moja ya Mombasa, na fundi aliyeifanya alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza hakufungua hata boliti moja. Alizisugua nyuzi zake kwa brashi ya waya, akazimiminia mafuta ya kulegeza kutu, akaziacha zilale. Kijana mmoja alitaka kuanza kwa spana ndefu papo hapo, akakatazwa. Sababu niliiona kesho yake: nati nyingi zimefichwa ndani ya bodi, zimechomelewa pasipofikika, na ikikatika moja ikaanza kuzunguka pamoja na boliti, hapana budi kutoboa sakafu ili kuifikia. Ilitukuta moja tu, ya nyuma kushoto.

Kabla ya kuinua alichomoa waya wa betri, kisha akazunguka gari akitafuta kila kitu kinachounganisha bodi na chasisi: paipu za breki, mpira wa kujazia mafuta, nyaya za ardhi, kiungo cha usukani, kikinga cha feni pale kwenye rejeta. Bodi ikipanda na hivyo havikulegezwa, kimojawapo kitakatika. Alitoa boliti za upande mmoja, za upande wa pili akazilegeza tu bila kuzitoa, ili bodi isiteleze. Juu ya jeki aliweka ubao mpana, uzito usitoboe bati. Akainua kidogo kidogo, upana wa vidole vitatu hivi, akasimamisha magogo pembeni. Mkono wake hakuuingiza hata mara moja mahali ambapo bodi ingeweza kuuangukia. Mipira aliichomoa kwa koleo.

Mipira mipya ilikuwa ya aina ile ile ya kiwandani. Iko pia ya poliurethani, migumu zaidi na isiyojali mafuta, ambayo vijana wa mashindano huisifu. Mimi niliikataa, kwani ugumu ule huleta ngurumo ya barabara mpaka kitini. Na mipira ya kutoka gari lililovunjwa ni ya kukataa kabisa: ina umri ule ule wa unayoitupa.

Mafundi wetu huiita bushi, na neno limekubalika. Mimi ningependa "mito ya bodi", kwa sababu kazi yake ni ya mto, lakini lugha ya karakana haiamuliwi na washairi.

Wengine wataniuliza: gharama yote hii kwa gari la 1988? Nawajibu kwamba Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Land Cruiser za miaka ile tulizo nazo ndizo hizo. Hakuna meli itakayotuletea nyingine.

Boliti zote zilitiwa kwa vidole kwanza, bodi ikateremshwa, milango ikafunguliwa na kufungwa kupima nafasi zake. Mlango wa mbele kulia ulikuwa umekaa chini kidogo, akaongeza kipande chembamba cha bati chini ya mto wa mbele, ukakaa. Ndipo alipokaza, kwa spana ya kipimo, akianzia katikati kuelekea pembeni. Akaniagiza nirudi baada ya kilomita 500 azikaze tena, kwani mipira mipya hujikalia. Nilirudi. Mbili zilikuwa zimelegea.