Dawa Imo Gandani, Maganda Yamo Melini

Mtoto wa Newala haambiwi mara mbili asing'ate ganda la korosho ghafi. Aking'ata mara moja tu, midomo inavimba, ngozi inababuka, somo limekwisha. Ndiyo maana nilipolisoma andiko la mradi wa kutengeneza dawa ya mapunye kwa mafuta ya ganda hilohilo, nilijiuliza kama mwandishi wake amewahi kubangua hata kilo moja.

Kikemia hakukosea. Ganda likikamuliwa bila moto, mafuta yake yamejaa asidi ya anakadi, ambayo ni asidi ya salisili iliyoota mkia wa kaboni 15. Na salisili tunaijua, imo asilimia 3 kwenye Whitfield, ile marhamu ya bei nafuu ya kupaka choa. Ila korosho ikikaangwa kwa moto mkali, asidi ile hugeuka kadanoli, yenye kufaa breki za magari kuliko ngozi ya mtu.

Halafu hayo mapunye. Fangasi wake hujichimbia ndani ya nywele, kupaka pekee hakumfikii. Mtoto hupewa griseofulvini ya kumeza kwa wiki kadhaa. Wangeanza na choa cha mwilini, ningenyamaza.

Andiko linayaita maganda taka. Taka zipi? Korosho nyingi za Mtwara na Lindi hupanda meli zikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam, na maganda yake humohumo. Viwanda vya kubangua vilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vingi vikafungwa, vingine vikawa maghala. Na panapobanguliwa leo, mara nyingi maganda ndiyo kuni za boila. Ukiyataka, mwenye kiwanda atakuuliza kuni utamletea wewe?

Wapo pia akina mama wanaobangua majumbani. Mama anachovya vidole kwenye majivu, anaisimamisha korosho juu ya jiwe, anaigonga, anachokoa punje isivunjike maana iliyovunjika haina bei, anarudi kwenye majivu. Ikifika jioni ncha za vidole ni nyeusi, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Kwenye andiko, hao ndio watakaokusanya maganda. Bajeti ina mashine ya kukamulia, ina gari, ina semina mbili. Glavu nimezitafuta ukurasa kwa ukurasa, sikuziona.