Kenya: Jinsi abiria wa meli anavyoweza kufika magofu ya Jumba la Mtwana kwa safari yake mwenyewe

Kwa wakazi wengi wa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, Bandari ya Mombasa ni mlango wa makontena, mafuta na magari yanayosafirishwa kwenda bara. Hata hivyo, bandari hiyo hiyo ya Kilindini hupokea pia shehena ya aina nyingine: abiria wa meli kubwa za kitalii, hasa katika miezi ya kaskazi, bahari inapokuwa tulivu. Meli hufunga gati asubuhi na kung'oa nanga jioni ya siku hiyo hiyo. Abiria hubaki na saa chache tu za kuijua Pwani ya Kenya.

Wengi wao hununua ziara wakiwa bado melini, wakapandishwa basi na kurejeshwa jioni. Wachache hushuka kwa miguu yao, wakatafuta njia wenyewe. Kwa hao wachache, na kwa msafiri yeyote wa nchi jirani anayefika Mombasa, magofu ya Jumba la Mtwana ni miongoni mwa maeneo ya kale yanayofikika kwa urahisi. Yako takriban kilomita 20 kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kandokando ya bahari, katika Kaunti ya Kilifi. Safari hiyo haihitaji wakala, ila inahitaji hesabu nzuri ya muda.

Hesabu ya kwanza ni ya saa

Tofauti kubwa kati ya ziara iliyonunuliwa melini na safari ya kujitegemea haiko katika starehe ya gari pekee. Iko katika jambo moja: basi la ziara ya meli likichelewa njiani, kwa kawaida meli hulisubiri. Abiria aliyekwenda peke yake akichelewa, meli huondoka. Gharama ya kuifuata katika bandari inayofuata, iwe Zanzibar au Madagascar, huwa juu yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, saa ya kuzingatiwa si ile ya meli kung'oa nanga, bali ile ambayo abiria wote wanatakiwa wawe wamekwisha kupanda. Saa hiyo hutangulia ya kuondoka, na hutangazwa kabla abiria hawajashuka. Aidha, ni vyema kuuliza kama saa za melini zinalingana na za nchi kavu, kwani baadhi ya meli hubaki na saa za bandari zilizotoka.

Kuna mtego mwingine ambao msemaji wa Kiswahili huuona mara moja, lakini mgeni hukwama ndani yake. Dereva wa Mombasa anapoahidi kurudi saa 8, ana maana ya saa 8 mchana. Mgeni aliyezoea hesabu ya Kizungu huweza kudhani ni saa 2 usiku. Mwenyeji anayempokea mgeni, au msafiri anayefuatana na wasiojua Kiswahili, hana budi kuhakikisha kwamba pande zote mbili zinataja saa moja.

Kutoka gatini hadi mjini

Kilindini iko upande wa magharibi wa kisiwa. Eneo la bandari lina ulinzi, na abiria haruhusiwi kuzurura kati ya makontena. Hupita katika kituo cha abiria na kutokea kwenye lango. Kabla ya kushuka, mgeni anapaswa kuthibitisha na wahudumu wa meli ni hati zipi atakazohitaji ili kuingia nchini na kurudi bandarini. Raia wa Uganda na Rwanda wanaosafiri kwa njia ya kawaida wanaweza kuingia Kenya kwa vitambulisho vyao vya taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Aliye melini, hata hivyo, asiiache pasipoti bila kuuliza.

Nje ya lango husubiri teksi, tuk-tuk na bodaboda. Kutoka hapo hadi katikati ya mji ni mwendo mfupi kupitia Barabara ya Moi, yenye zile pembe kubwa za ndovu zinazojulikana katika picha nyingi za Mombasa. Nauli ya teksi na tuk-tuk ni ya kuelewana, nayo huelewanwa kabla ya kupanda. Fedha za kigeni hazifai kitu ndani ya matatu. Shilingi za Kenya zinahitajika, tena noti ndogondogo. Mwenye simu iliyounganishwa na M-Pesa hatapata shida popote.

Matatu ya kwenda Mtwapa

Matatu za upande wa kaskazini hupatikana mjini, na mtu yeyote atakayeulizwa palipo gari la Mtwapa ataonyesha steji. Gari huondoka likijaa. Nauli haina bei moja ya siku nzima. Hupanda asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, na hupanda pia mvua inaponyesha.

Njia yenyewe ni rahisi kufuata kwa macho. Gari huvuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 na kuondoa utegemezi wa daraja la zamani lililokuwa likielea juu ya maji. Kisha hupita soko kuu la Kongowea, Bamburi na Shanzu, hadi kwenye daraja la Mtwapa. Hapo mkono wa bahari unaoingia bara ndio mpaka: nyuma yake ni Kaunti ya Mombasa, mbele yake ni Kilifi.

Palipo wazi, safari hii huchukua chini ya saa moja. Tatizo ni kwamba njia haiwi wazi kila wakati. Barabara hii ndiyo inayobeba magari yote yaendayo Kilifi, Watamu na Malindi, na foleni ya Mtwapa inajulikana na kila dereva wa Pwani. Kazi za kuipanua barabara nazo zimeongeza usumbufu. Anayepanga safari asihesabu kilomita. Ahesabu saa 2 za kwenda na saa 2 za kurudi. Zikipungua, ni faida yake.

Baada ya kuvuka daraja, abiria humwomba makanga amshushe kwenye njia ya Jumba la Mtwana, ambako huwa na kibao. Kutoka barabara kuu hadi kwenye magofu ni kilomita chache kuelekea baharini. Mtu aweza kutembea, lakini jua la Pwani si la kuchezewa, na bodaboda au tuk-tuk hufika haraka. Jambo la busara ni kupatana na dereva asubiri au arudi kwa saa maalumu, na malipo ya kurudi yatolewe wakati wa kurudi.

Mji uliokosa bandari

Anayefika hukuta kuta za mawe ya matumbawe zilizosimama chini ya mibuyu mikubwa, na bahari ikionekana kati ya miti. Vigae vya vyombo vya udongo vilivyochimbuliwa hapo vimewawezesha wataalamu kukadiria kuwa mji ulijengwa katika karne ya 14 na kuhamwa mapema katika karne iliyofuata. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba na kuzitengeneza kuta zake mwaka 1972. Leo uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Hakuna maandishi ya kale yanayoutaja mji huu. Jina la sasa ni la wenyeji waliokuja baadaye: mtwana ni mtumwa mwanamume. Wageni wengi hulisikia jina hilo na kuondoka wakiamini kwamba waliona ghala la watumwa. Kilichopo mbele ya macho yao, hata hivyo, ni mji wa Waislamu wa Uswahilini wenye misikiti, nyumba za mawe, visima na makaburi. Jina ambalo wakazi wake waliuita mji wao limepotea pamoja nao. Hapo ndipo muda wa kutosha unapokuwa na thamani, kwani anayepitishwa haraka hubeba jina na kuiacha historia.

Katika Msikiti wa Baharini, birika la kutawadhia bado lina mawe ya kusugulia miguu, na kuna dalili za chumba kilichotengwa kwa ajili ya wanawake. Karibu na hapo pana kaburi lenye maandishi ya aya ya Kurani inayokumbusha kwamba hakuna nafsi itakayoepuka kifo. Upande wa makazi, nyumba zimepewa majina kwa sifa zake, kama vile Nyumba ya Milango Mingi. Katika nyumba hizo huonekana vyoo na mahali pa kuogea, jambo linaloonyesha jinsi wakazi walivyoujali usafi miaka 600 iliyopita.

Jambo la ajabu kwa mji wa pwani ni kwamba haukuwa na bandari. Vyombo vikubwa vililazimika kutia nanga mbali na ufuo au kuingia katika mkono wa bahari wa Mtwapa. Inadhaniwa kwamba hali hiyo iliwafaa wakazi: palikuwa na maji matamu, palipata upepo wa kaskazi na wa kusi, na adui wa baharini hakuweza kuingia kwa urahisi. Kwa nini basi walihama? Wataalamu hutaja sababu tatu zinazowezekana: kukatika kwa biashara, uvamizi, au kukauka kwa maji. Hakuna iliyothibitishwa.

Wageni huingia kwa tiketi, na viwango vya ada hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wengine. Mtu wa nchi jirani aonyeshe kitambulisho chake kabla ya kulipa. Malipo ya taasisi za serikali nchini Kenya sasa hupitia kwa kiasi kikubwa mfumo wa mtandao wa eCitizen, kwa hiyo ni vyema simu iwe na chaji. Viatu vinavyofaa ardhi ya mawe, maji ya kunywa na mavazi ya heshima vinatosha kwa mengine. Mwongozaji wa hapo akipatikana, asikataliwe. Saa moja pamoja naye hufafanua kuta ambazo bila maelezo hufanana zote.

Muda ukiwa mchache

Hesabu ya jumla ni hii: saa 4 za njia, saa 1 na nusu au 2 kwenye magofu, na akiba isiyopungua saa 2 kabla ya muda wa mwisho wa kupanda meli. Abiria ambaye meli yake inakaa bandarini kwa saa 8 au zaidi anaweza kwenda, mradi atoke asubuhi na mapema na awe njiani kurudi kabla ya foleni ya jioni.

Aliye na saa pungufu ya hizo abaki kisiwani. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, iko umbali mfupi kutoka Kilindini, na Mji wa Kale uko kando yake. Mahali hapo hapahitaji kuvuka daraja lolote.

Wapo wanaotamani kufika Gede, mji mkubwa zaidi wa magofu karibu na Watamu, ulioingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2024. Gede, hata hivyo, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mombasa, kupitia barabara ile ile ya Mtwapa. Kwa abiria wa meli anayejitegemea, hiyo ni hatari isiyo na sababu. Inamfaa zaidi msafiri wa nchi kavu, kama yule anayetoka Kampala kwa basi au anayeshuka kwa treni kutoka Nairobi na kulala Pwani.

Faida huenda kwa nani

Fedha za ziara iliyouzwa melini hugawanywa kati ya kampuni ya meli na mawakala wake kabla ya kufika nchi kavu. Nauli ya matatu, malipo ya bodaboda, tiketi ya mlangoni na maji ya madafu yanayonunuliwa njiani huingia moja kwa moja mikononi mwa watu wa Mombasa na Mtwapa. Kiasi cha mtu mmoja ni kidogo, lakini ni cha wenyeji.

Wafanyabiashara waliokuwa wakienda Jumba la Mtwana katika karne ya 14 nao walilazimika kuacha vyombo vyao mbali na kumalizia safari kwa njia nyingine. Hatua hiyo ya mwisho, kutoka chomboni hadi mlangoni mwa mji, haijawahi kuwa fupi mahali hapa. Anayeikadiria vizuri atayaona magofu kwa utulivu na kurejea Kilindini ngazi ya meli ikiwa bado imeshushwa.