Nakshi Nzuri Isiharibu Gitaa

Asikiaye benga mjini Kisumu asidhani kwamba gitaa lilifika mahali pasipojua nyuzi. Kabla yake Wajaluo walikuwa na nyatiti, chombo cha nyuzi 8, na mpiga benga huchambua nyuzi za gitaa lake mojamoja kwa kufuata mapigo ya nyatiti. Marehemu Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliichukua nyatiti mpaka Ulaya, na wimbo wake Kothbiro ulisikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005.

Basi kijana atakaye kulitia gitaa la umeme nakshi za mbao yafaa kwanza amtazame fundi wa nyatiti. Fundi huyo huchonga bakuli la mti, akalichimba ndani, kisha akalifunika kwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile ya wavuvi. Mpigaji huketi juu ya kigoda, akavaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, akagonga nayo ukingo wa chombo. Kwa hiyo mti wenyewe unaimba. Bakuli likichongwa jembamba mno hupasuka. Likiachwa nene mno, sauti hufifia.

Gitaa la umeme lina tabia nyingine. Mwaka 1950 Leo Fender wa California, Marekani, alianza kuuza gitaa lenye kiwiliwili cha mbao nzima, lisilo na tundu la kutolea sauti. Sumaku zilizozungushiwa waya hunasa mtikisiko wa nyuzi za chuma, na kipaza sauti huukuza. Ndiyo sababu mchongaji aweza kukata usoni mwake maua na majani kama ya milango ya Lamu, na sauti isipotee.

Hata hivyo uhuru huo una mipaka. Kwanza, pale shingo inapoungana na kiwiliwili, na pale nyuzi zinapofungwa, mbao isipunguzwe, kwa maana nyuzi huvuta kwa nguvu mchana na usiku. Pili, ndani mna vyumba vya sumaku na nyaya. Patasi ikitoboa humo, kazi ya majuma mengi imeharibika. Tatu, mahali mkono wa mpigaji unapoegemea pawe laini, maana ncha kali humchubua ngozi kabla ya ngoma kwisha.

Tena mbao iwe kavu. Hewa ya ziwani ina unyevu, na mbao mbichi ikichongwa leo, kesho hupinda. Ikaushwe kivulini polepole, ichorwe kwa penseli, ndipo bobari na patasi zifuate. Vanishi ipakwe nyembamba, kwani ikiwa nzito hufukia nakshi.

Magitaa ya kiwandani hufanana kama mayai. Lililochongwa ngege na mashua za Dunga hutambulika mara moja, na huenda likampa fundi wake riziki. Lakini mwanamuziki hanunui picha ya kutundika ukutani. Akilipiga likakataa kushika sauti, hatarudi, na atawaonya wenzake. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapana budi mchongaji ajifunze kusikiliza kabla ya kushika patasi.