Je, Wajua? Pilipili, Maini na Nyayo Zinazowaka Moto

Je, wajua kwamba kisukari huanza kuchoma miguuni kwa sababu neva ziendazo vidoleni mwa miguu ndizo ndefu kuliko zote? Sukari ikikaa juu miaka mingi, ncha hizo hutangulia kuharibika. Mchana mtu anavumilia. Usiku shuka likigusa kidole tu, anaruka.

Je, wajua kwamba pilipili ni dawa ya hospitali? Kinachowasha ndani yake, kapsaisini, hugusa kipokezi kilekile kinachoipa neva habari za joto kali. Maabara ya David Julius huko California ilikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobel. Neva ikichokozwa mno huchoka na kunyamaza. Ndiyo maana Marekani iliidhinisha mwaka 2020 plasta yenye kapsaisini asilimia 8 kwa miguu ya wenye kisukari: mhudumu anavaa glavu, anaibandika dakika 30, na nafuu yaweza kudumu hadi miezi 3. Aliyewahi kukata pilipili mbuzi kisha akafikicha jicho anaelewa hizo glavu ni za nini. Ila usiende kutwanga pilipili ukajifunga nyayoni! Mguu wenye ganzi utababuka na wewe huna habari.

Je, wajua kwamba hata metformini, kidonge cha kisukari, ina ukoo na mitishamba? Chanzo chake ni kemikali ya Galega officinalis, mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya tangu zamani. Daktari Jean Sterne wa Paris ndiye aliyechapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957.

Na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Ukiimeza metformini kwa miaka, yaweza kukupunguzia vitamini B12, na upungufu wa B12 nao huleta ganzi na kuchomachoma. Kwa hiyo wapo wanaolaumu sukari ilhali miguu inadai vitamini. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwashauri madaktari wampime B12 mgonjwa wa metformini mwenye dalili za upungufu. Kliniki huenda isipime usipouliza, basi uliza. Vitamini hiyo iko kwenye maini, nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Kwenye mlonge haimo, hata uchemshe sufuria nzima. Na metformini usiiache kwa kusoma safu hii.

Je, wajua kwamba vitamini B6, inayouzwa kama dawa ya neva, ikizidi inaua neva zilezile? Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku: walipoteza hisia, wakawa wanayumba wakitembea. Walipoacha, wakaanza kupata nafuu. Anayechanganya vidonge vya maduka matatu tofauti na asome maandishi madogo ya kila kopo.

Je, wajua kwamba asidi ya alfa-lipoiki, nayo inayouzwa kwa ajili ya neva, ilipatikana kwanza kwenye maini ya ng'ombe? Mwaka 1951 Lester Reed na wenzake walisindika takriban tani 10 za mabaki ya maini, wakaambulia miligramu 30. Kipimo cha kawaida cha majaribio ya neva ni miligramu 600 kwa siku, kwa hiyo sahani ya maini haitakufikisha huko. Ujerumani waliitumia miongo kadhaa, lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2024 yaliona kwamba baada ya miezi 6 huenda haibadilishi dalili, au inazibadilisha kidogo sana. Bei yake dukani haijasoma mapitio hayo.

Mdalasini? Wa aina ya kasia una kumarini, ambayo ikizidi hudhuru ini. Habasoda na manjano? Sifa nyingi za kutibu neva zimetoka kwa panya wa maabara.

Je, wajua kwamba mwaka 2000 serikali ya California ilikuta dawa za "mitishamba" za kisukari zimechanganywa kwa siri na vidonge vya kushusha sukari? Unga unaoshusha sukari kwa siku mbili tatu ni wa kushuku kabla ya kushangilia.

Kuhusu panya wa nyumbani, husemwa huuma huku akipuliza. Kwa mguu uliokufa ganzi hana haja ya kupuliza: mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Maji ya moto ya chumvi nayo huunguza vivyo hivyo, kimyakimya. Yapime kwa kiwiko kwanza, au umwite mwenye hisia zake kamili ayapime. Na nyayo zikaguliwe kila siku. Kama kuinama ni shida, laza kioo sakafuni, au mwite mjukuu. Yeye hafichi anachokiona.