Kimo, Si Ukubwa wa Tangi: Namna ya Kuongeza Msukumo wa Maji ya Mserereko Bustanini

Na Mwandishi Wetu

Katika maeneo ya miinuko nchini, kumwagilia kwa maji ya mserereko si jambo geni. Wachaga wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro wamechimba na kutunza mifongo kwa vizazi vingi, na katika milima ya Upare, wilayani Same na Mwanga, wananchi hukusanya maji usiku katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha huyafungulia mchana kwa zamu. Leo familia nyingi zimechukua kanuni hiyo hiyo na kuiweka katika tangi la plastiki, mnara na bomba, ili kumwagilia bustani ya mboga iliyo nyuma ya nyumba bila gharama ya mafuta wala umeme.

Hata hivyo, bustani nyingi za aina hii hukabiliwa na tatizo moja. Tangi limejaa, lakini maji yanayofika mwisho wa bomba ni ya kudondoka tu. Matuta ya mwanzo hulowa, ya mwisho hukauka, na msimu wa kiangazi mchicha na nyanya za upande huo hufa. Mara nyingi hatua ya kwanza ya mwenye bustani ni kununua tangi kubwa zaidi. Fedha hutumika, na tatizo hubaki palepale.

Sababu ni kwamba msukumo wa maji hautokani na wingi wa maji yaliyomo tangini, bali na kimo, yaani tofauti ya urefu wa wima kati ya uso wa maji tangini na mahali yanapotokea. Tangi la lita 5,000 na la lita 500, nyuso zake za maji zikiwa katika kimo kimoja, hutoa msukumo ule ule. Kila mita 1 ya kimo huleta msukumo wa takriban kilopaskali 10. Tangi kubwa huongeza muda wa kumwagilia, haliongezi nguvu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mwenye bustani apime mambo mawili. La kwanza ni kimo alicho nacho. Mpira mwembamba unaoonesha ndani, uliojazwa maji kama ule wanaotumia mafundi waashi kusawazisha msingi, unatosha kuhamisha usawa kutoka sehemu moja hadi nyingine na kupata tofauti ya urefu. La pili ni kiasi cha maji yanayotoka. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 72, bomba linatoa lita 1,000 kwa saa.

Vipimo hivyo vilinganishwe na mahitaji ya vifaa. Vinyunyizio vingi vya kuzunguka hutengenezwa kwa ajili ya kimo cha mita 20 hadi 30, na mipira ya kawaida ya matone kwa takriban mita 10. Ipo pia mipira ya matone ya msukumo mdogo, ambayo hufanya kazi kwa kimo cha mita 1 hadi 2 tu. Mwenye mnara wa mita 3 anayefunga kinyunyizio cha kuzunguka anadai kwenye tangi kitu ambacho halina.

Kimo pekee hakitoshi, kwa kuwa sehemu yake hupotea njiani kwa msuguano wa maji na kuta za bomba. Upotevu huu ndio unaowashangaza wengi. Tuchukue mfano wa mnara wa mita 3 na bustani iliyo mita 50 kutoka hapo, kwa bomba laini la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, ambalo mafundi huliita la robo tatu. Kupitisha lita 1,000 kwa saa katika bomba hilo hugharimu karibu mita 2.8 za kimo. Zinabaki sentimita 20 tu za kusukuma maji kwenye matuta. Nguvu yote ya mnara imeishia njiani.

Kwa kiasi hicho hicho cha maji, bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 25, yaani inchi moja, hupoteza chini ya mita 1. La milimita 32 hupoteza takriban sentimita 28. Ongezeko dogo la kipenyo huleta nafuu kubwa, na ndiyo maana bomba kuu kutoka tangini liwe pana, na mabomba membamba yatumike katika matawi mafupi ya mwisho pekee. Wakati wa kununua, mnunuzi aulize kipenyo cha ndani, kwani mabomba mengi ya plastiki huuzwa kwa kipimo cha nje.

Hapa ni vyema kuondoa dhana iliyoenea kwamba bomba jembamba huongeza nguvu. Mtu anapoziba mdomo wa mpira kwa kidole, maji huruka mbali kwa sababu mtiririko ndani ya mpira umepungua, upotevu njiani umepungua, na kimo kilichobaki chote kinatumika pale mdomoni. Lakini akilifanya bomba zima kuwa jembamba, upotevu huongezeka katika kila mita ya safari.

Kanuni hiyo ya mtiririko ndiyo inayotoa suluhisho lisilo na gharama kubwa: kumwagilia kwa zamu, kama ilivyo desturi ya ndiva. Bustani ikigawanywa sehemu mbili na kufunguliwa moja baada ya nyingine, bomba la robo tatu katika mfano wetu litapitisha lita 500 kwa saa badala ya 1,000, na upotevu utashuka kutoka mita 2.8 hadi chini ya sentimita 80. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, lakini tuta la mwisho litapata maji. Kinachohitajika ni koki moja kwa kila sehemu.

Yapo pia mambo ya matunzo. Chujio lililoziba huweza kumeza kimo chote, hivyo lisafishwe mara kwa mara, na ncha za mipira ya matone zifunguliwe ili kusukuma nje tope. Tundu la kutolea maji liwe juu kidogo ya kitako cha tangi ili mchanga usiingie bombani. Mfuniko uzuie mwanga, ambao huotesha ukungu wa kijani, lakini uruhusu hewa kuingia. Tangi lililozibwa kabisa huyashikilia maji yasitoke.

Bomba nalo lishuke mfululizo. Mahali linapopanda na kushuka, hewa hunaswa kwenye kilele na kupunguza njia ya maji. Ikiwa kilima hakikwepeki, liwekwe tundu la kutolea hewa lenye koki mahali hapo. Kona kali zipunguzwe. Mipira ya matone ilazwe kufuata kontua, kwa kuwa ikilazwa kuelekea bondeni mimea ya chini hupata maji mengi kuliko ya juu.

Baada ya hayo yote, kama msukumo bado haukidhi, ndipo liinuliwe tangi. Penye mteremko, kulihamisha juu zaidi ya mlima ni salama kuliko kujenga mnara mrefu: katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, kusogea mita 20 huongeza mita 2 za kimo. Bomba lililorefuka nalo lihesabiwe katika upotevu. Pasipo mteremko, mnara ujengwe na fundi mwenye ujuzi, kwani lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1, na mnara dhaifu ni hatari kwa watoto na wapita njia.

Wananchi wanakumbushwa pia kwamba kuongeza msukumo si ruhusa ya kuongeza maji yanayochukuliwa kwenye chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji ya mto au chemchemi kwa ajili ya umwagiliaji kuwa na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika. Maji yanayozidi bustanini kwa mmoja ni yale yanayokosekana kwa jirani aliye chini yake.

Kwa ufupi, utaratibu ni huu: pima kimo na mtiririko, safisha chujio, toa hewa, gawa bustani kwa zamu, panua bomba kuu, na mwisho kabisa inua tangi. Anayefuata mpangilio huo huanza na hatua za gharama ndogo, na huenda asifikie ile ya gharama kubwa. Kwa ushauri zaidi kuhusu vifaa vinavyofaa eneo lake, mkulima anashauriwa kuonana na Afisa Ugani wa kata yake, akiwa na vipimo vyake mkononi.