Kama Taka Ni Mali, Mbona Hazigombewi?

Kila inapotajwa ada ya kutupa taka dampo ili kugharimia urejelezaji, swali ni lile lile, tena huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda hoja: ikiwa taka ni mali, kwa nini tutozwe pesa ili zirejelezwe? Si wenye viwanda waje wazinunue? Huuliza madiwani, huuliza wafadhili, na siku hizi huuliza hata wahandisi ambao kazi yao ilipaswa kuwafundisha vinginevyo. Swali hilo limejengwa juu ya kaulimbiu, na kaulimbiu yenyewe si kweli kwa sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya gari la taka.

Tulifungue hilo gari. Katika miji ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya uzito wake ni maganda ya ndizi na viazi, magunzi, majani na makombo, yote yamelowa na yameanza kuoza. Humo humo kuna mchanga uliofagiliwa pamoja na taka, nepi zilizotumika, vifuko vilivyochanika, na pakiti za bisi ambazo plastiki yake imegandishwa na utando wa alumini kiasi kwamba hakuna kiwanda cha kawaida kitakachozitenganisha kwa faida. Mali haimo. Chuma chakavu, shaba, makopo ya soda, maboksi makavu na chupa za maji vimeshachukuliwa na waokota makopo majumbani, kwenye baa na kwenye stendi, kabla gari halijafika mtaani. Watu hao hawahitaji semina ya kuambiwa taka ni mali. Bei ya kilo ya kila kitu wanayo kichwani, na wanajua vizuri pia nini hawaokoti, na kwa nini. Wanachokiacha ndicho tunachobishania hapa. Kukadiria thamani ya gari zima kwa kutazama chupa zilizookotwa ni sawa na kumpangia mbuzi mzima, pembe na kwato, bei ya kilo ya maini.

Na hata hiyo chupa, inayopigwa picha kwenye kila bango la mazingira, ina masharti yake. Kizibo ni plastiki ya aina nyingine na lebo mara nyingi vilevile. Kiwandani chupa husagwa ikawa vipande na kutumbukizwa kwenye tangi la maji: vipande vya chupa huzama, vya kizibo na lebo huelea, vikaenguliwa juu. Kisha gundi ioshwe kwa maji ya moto na dawa, na vipande vikaushwe. Chupa ya rangi hupata bei ndogo kuliko isiyo na rangi. Vipande vichache tu vya PVC, plastiki ile ya mabomba, vikichanganyika humo huungua kabla plastiki ya chupa haijayeyuka, na mzigo wote huharibika. Kabla ya hayo yote kuna usafiri. Lori la chupa zisizobanwa limebeba hewa, kwa hiyo anayekusanya Songea, asipokuwa na mashine ya kufunga marobota, faida yake itaishia kwenye nauli ya kuzifikisha Dar es Salaam. Halafu bei ya mafuta ghafi ikishuka, plastiki mpya huwa rahisi na mnunuzi hapokei tena simu. Biashara ipo, sikatai, na inalisha watu. Lakini huwezi kuikabidhi usafi wa jiji biashara inayofunga duka kila bei ya mafuta inapoanguka.

Wanaodhani huo ni udhaifu wa nchi maskini watazame Philadelphia, Marekani. Kuna miaka jiji hilo lilikuwa likilipwa kwa kila tani ya vitu vilivyotenganishwa majumbani. China, mnunuzi mkubwa wa dunia, ikafunga mlango kuanzia Januari 2018: ikapiga marufuku aina 24 za taka, na kwa zile ilizoendelea kupokea ikataka uchafu usizidi asilimia 0.5. Bei ikaporomoka, Philadelphia ikageuka kutoka muuzaji hadi mlipaji, na kufikia mwanzoni mwa 2019 karibu nusu ya vitu ambavyo wananchi waliviosha na kuvitenganisha ilikuwa inachomwa kwenye tanuri. Bei ya soko, peke yake, haikuweza kuendesha urejelezaji katika mojawapo ya miji mikubwa ya nchi tajiri kuliko zote.

Basi swali la maana halihusu faida. Urejelezaji unatakiwa tu kuwa na hasara ndogo kuliko ya kutupa. Hapo ndipo udanganyifu wa pili unapoingia, maana kutupa kunaonekana rahisi kwa sababu gharama yake hailipwi getini. Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na magari yameendelea kumwaga. Moshi wake hulipiwa na mapafu ya majirani. Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, mlima wa taka uliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua kubwa, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Hakuna aliyemwaga taka pale aliyelipia hatari hiyo. Ada ya dampo huileta gharama iliyofichwa mpaka mezani, na anayeiita adhabu aseme kwanza nani amekuwa akiilipa hadi sasa.

Ushahidi bora upo Uingereza. Tarehe 1 Oktoba 1996 nchi hiyo ilianza kutoza pauni 7 kwa kila tani inayofukiwa, na pauni 2 kwa udongo na kifusi. Pauni 7 hazikumtisha mtu. Kilichobadilisha mambo ni kupandisha kwa ratiba iliyojulikana mapema: pauni 10 mwaka 1999, 32 mwaka 2008, 80 mwaka 2014, na zaidi ya 100 kuanzia 2023. Taka za nyumbani zilizorejelezwa au kugeuzwa mboji England zilipanda kutoka takriban asilimia 11 mwanzoni mwa karne hii hadi zaidi ya 40 katika muda wa miaka kumi. Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1999 iliyobana madampo nayo ilisukuma. Na kwamba baada ya hapo kiwango kilidumaa karibu na asilimia 44, kwa sababu tani nyingi zilizokimbia dampo ziliingia kwenye matanuri ambayo hayakutozwa kodi hiyo. Yote ni kweli. Hilo la matanuri linathibitisha kwamba taka hufuata bei, na kwamba ukitoza mlango mmoja ukauacha wa pili wazi, zitapita wa pili. Cha ajabu kwa wanaodhani ada ni kisanduku cha michango tu: sehemu kubwa ya mapato yale haikwenda kwenye urejelezaji kabisa. Mwanzoni yalitumika kupunguza makato ambayo waajiri walilipia wafanyakazi. Halmashauri zilirejeleza kwa sababu kila tani isiyofika dampo iliziokolea ada.

Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilichagua njia nyingine. Sheria yake ya 1988 iliweka dola 2 kwa tani, kiasi kisichobadilisha uamuzi wa mtu yeyote, lakini ikazifungia kwenye mfuko wa urejelezaji: magari, mapipa, na ruzuku kwa manispaa kadiri ya tani zilizorejelezwa. Miji yenye watu zaidi ya 10,000 ikalazimishwa kukusanya vilivyotenganishwa majumbani. Ulikuwa mpango mzuri wenye kasoro mbili. Dola 2 zilibaki 2 huku bei za vitu vyote zikizidi maradufu, na mfuko unaoishi kwa taka zinazofukiwa hupungua kila unapofanikiwa kuzipunguza. Ndiyo maana ada ya dampo yafaa kujenga mfumo, haifai kuulisha milele; mzigo wa kudumu waubebe wazalishaji wa vifungashio.

Pingamizi linalostahili heshima ni la utupaji wa usiku. Ukipandisha bei getini, gari litamwaga Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Ni kweli, na hata matajiri hufanya hivyo kwa mtindo wao: Queensland, Australia, ilipofuta ada yake mwaka 2012, malori yalianza kubeba kifusi kutoka Sydney, mamia ya kilomita, kukwepa ada ya jimbo jirani, hadi ada iliporudishwa Julai 2019 kwa dola 75 za Australia kwa tani. Kwa hiyo pasipo uzio, mizani na ulinzi wa mabonde, ada ni kelele tupu. Atakayeianzisha kabla ya hapo atakuwa ametoza walio waaminifu peke yao. Pingamizi jingine, kwamba "tozo tena, na pesa zitaliwa", silidharau hata kidogo baada ya yaliyotokea kwenye tozo ya miamala ya simu Tanzania mwaka 2021. Ila dawa yake ni kuandika ndani ya sheria pesa zinakwenda wapi. Kuendelea kuimba kwamba taka zitajilipia zenyewe hakumlindi mlipaji yeyote.

Ya kufanya, kwa haraka. Mizani kwanza: gari lipimwe likiingia limejaa na likitoka tupu, na tofauti iandikwe. Mwaka mzima wa kupima bila kutoza, ili tujue tani ni ngapi. Ada ianze chini na ratiba ya miaka kumi itangazwe siku hiyo hiyo. Udongo na kifusi vitozwe kidogo. Halmashauri jirani zitoze kiwango kimoja. Tanuri lolote litakalojengwa litozwe vilevile. Ada ilipwe getini na mwenye gari, na kaya maskini zipewe nafuu kwenye ada ya kuzoa, si kwa kushusha bei ya dampo. Mapato yaingie akaunti ya pekee, na matumizi yabandikwe ukutani kila robo mwaka. Ruzuku ilipwe kwa tani iliyopimwa, isilipwe kwa warsha, na vikundi vya waokota makopo viruhusiwe kuidai kama mkandarasi yeyote. Fedha za mwanzo ziende kwenye taka za masoko, maana pale maganda yanapatikana yakiwa mengi na bila kuchanganyika, na mboji haihitaji mnunuzi wa China. Chupa zisubiri, zina wenyewe tayari.