Mabwawa ya Tring: Kazi ya Mikono Iliyogeuka Makao ya Ndege

Aghalabu tunapotaja makao ya wanyamapori, fikira zetu huelekea kwenye misitu na maziwa ambayo binadamu hakuyaumba. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hata ardhioevu iliyochimbwa kwa ajili ya biashara hustahili hifadhi. Mfano wetu ni mabwawa manne yaliyo karibu na mji wa Tring, kaskazini-magharibi ya London, nchini Uingereza: Wilstone, Marsworth, Tringford na Startops End.

Bwawa la Wilstone lilijengwa mwaka 1802, na mengine yakafuatia. Wakati huo mfereji wa Grand Junction uliiunganisha London na maeneo ya viwanda, nao ulifikia kilele chake katika vilima vya Tring. Kila mashua iliyovuka kilele hicho ilipitia vyumba vya maji vyenye milango, na kila milango ilipofunguliwa, maji yaliteremka yasirudi. Pasipo akiba, mfereji ungekauka.

Matumizi hayo ndiyo yaliyozaa makao ya ndege. Maji yanapopungua wakati wa kiangazi, tope hufichuka, na ndege wa ufukoni hupata chakula. Matete ya kandokando nayo huficha viota. Mwaka 1912, Julian Huxley aliwachunguza hapo vibisi wenye vishungi. Aliwaona dume na jike wakitikisiana vichwa, kisha wakiinuka majini kifua kwa kifua, midomo imebeba magugu. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1914, alionyesha jinsi vitendo vya kawaida vinavyoweza kugeuka ishara za mawasiliano, hoja ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuipuuza.

Hata hivyo, makao haya hayajitunzi. Mashua za mizigo zilikwisha kuondoka, na zilizosalia ni za matembezi. Iwapo kingo hazitakarabatiwa na maji yakaachwa bila msimamizi, tope na matete vitayajaza mabwawa, na hatimaye patakuwa nchi kavu. Kwa hiyo, kuhifadhi hapa si kuuondoa mkono wa binadamu, bali ni kuuendeleza kwa busara.

Wahenga walitunasihi tusiache mbachao kwa msala upitao. Bwawa kuukuu lililopoteza wateja wake wa awali halijapoteza thamani. Limepata wakazi wapya, nao hawana wa kuwasemea ila sisi.